Chuma, Moto na Muda

Kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, kuna bonge la chuma ambalo hakuna mhunzi aliyelifua. Urefu wake ni takriban mita 3 na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walilifahamu muda mrefu kabla ya mwaka 1930, mwaka ambao mpimaji ardhi W. H. Nott alilitolea habari zilizoanza kusomwa nje. Wakati huo sehemu kubwa yake ilikuwa imefukiwa. Udongo ukachimbwa pembeni, ikaachwa nguzo chini yake, na nguzo hiyo baadaye ikawekewa zege. Hapo ndipo kimondo cha Mbozi kinapokaa hadi leo. Zaidi ya asilimia 90 yake ni chuma, karibu asilimia 9 ni nikeli, kisha salfa na fosforasi kwa kiasi kidogo sana.

Watu wengi wakifika pale huuliza kilianguka lini. Mimi swali linalonishika ni la nyuma zaidi ya hapo: kabla hakijaanguka, chuma hicho kiliivia wapi? Maana kila chuma tunachokijua kimepita motoni zaidi ya mara moja, na kila moto ulikuwa na kipimo chake cha joto na kipimo chake cha muda. Moto wa kwanza ulifika mabilioni ya nyuzi na ukamaliza kazi yake kwa sekunde. Wa pili ulipoa taratibu mno, uzi mmoja kwa maelfu ya miaka. Wa tatu ni wa binadamu mwenye makaa na mivukuto, na huyo namwona ni mwenzao wa hao wawili wa kwanza, wala si mtoto wao mdogo. Tufuate mmoja baada ya mwingine.

Kiini cha atomi kimejengwa kwa protoni na nyutroni, na ndani yake zinashindana nguvu mbili zenye tabia tofauti. Moja ni nguvu ya kinyuklia, inayovuta chembe zote pamoja. Ni kali sana, lakini mkono wake ni mfupi, haufiki mbali na chembe jirani. Nyingine ni msukumano wa umeme kati ya protoni na protoni. Hiyo ni dhaifu kuliko ya kwanza, lakini inafika kila pembe ya kiini. Fikiria mkutano ambamo kila mtu anaweza kumshika mkono jirani yake tu, huku kelele za kila mmoja zikiwafikia wote. Mkutano ukiwa mdogo, kila anayeongezeka anaukaza, kwa sababu wengi bado hawajapata wa kumshika. Ukishakuwa mkubwa, kila anayeingia anashikwa na wachache na kuwapigia kelele wote. Lazima pawe na ukubwa ambapo mshikamano unafika kileleni. Katika viini vya atomi, kilele hicho kiko jirani na chuma: protoni 26 na, katika chuma cha kawaida, nyutroni 30. Wenye kupenda usahihi watasema nikeli-62 imeshikamana zaidi kwa kiasi kidogo sana. Ni kweli, ila njia ya nyota haipiti hapo kwa urahisi.

Kilele hicho ndicho kinachoamua maisha ya nyota. Kuunganisha viini vidogo kuwa vikubwa hutoa nishati, na nishati hiyo ndiyo inayozuia nyota isiangukiwe na uzito wake yenyewe. Lakini faida yake haigawanyiki sawa. Hatua ya kwanza peke yake, haidrojeni kuwa heliamu, hutoa karibu sehemu nne kati ya tano za nishati yote inayoweza kupatikana katika safari nzima ya kufika kwenye chuma. Hatua zinazofuata zinagawana sehemu moja iliyobaki, na tena zinahitaji joto kubwa zaidi. Juu ya hayo, katikati ya nyota pakishapata moto kupita kiasi, panaanza kuvujisha nishati kwa njia ya nyutrino, chembe zinazopenya tabaka zote za nyota bila kuzuiwa. Kwa hiyo nyota inachoma kuni hafifu, na inazichoma kwa haraka.

Chukua nyota yenye uzito wa mara 25 wa Jua letu. Itaishi kwa haidrojeni kwa takriban miaka milioni 7. Heliamu itaichukua mia kadhaa za maelfu ya miaka. Kaboni, karibu miaka 600. Neoni, mwaka mmoja. Oksijeni, nusu mwaka. Silikoni, ambayo huungua kwenye joto la takriban nyuzi bilioni 3 na kuacha majivu ya jamii ya chuma, humalizika kwa takriban siku moja. Nimezisoma tarakimu hizi mara nyingi na bado hazijapoteza uzito wake kwangu. Nyota iliyodumu kwa mamilioni ya miaka hupata kitovu chake cha chuma katika siku yake ya mwisho.

Baada ya hapo hakuna kuni tena. Kuunganisha viini vya chuma hakutoi nishati, kunaila. Majivu yanaongezeka katikati mpaka yanapita takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua, mpaka ambao msingi wake uliwekwa na Subrahmanyan Chandrasekhar alipochunguza mwisho wa nyota za aina nyingine. Hapo elektroni zinashindwa kuubeba mzigo. Mionzi ya gama inavivunja viini vya chuma virudi kuwa heliamu na nyutroni, na kazi ya mamilioni ya miaka inafumuliwa kwa chini ya sekunde moja. Elektroni zinasukumizwa ndani ya protoni, zinatokea nyutroni na nyutrino. Kitu chenye ukubwa unaokaribia ule wa sayari kinaporomoka, kwa kasi inayofika makumi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, mpaka kinabaki na upana wa mji.

Hapa inafaa kunyoosha jambo moja ambalo vitabu vingi vya kawaida hulipita juu juu. Husemwa kwamba nyota hutengeneza chuma katikati yake, kisha hulipuka na kukitawanya. Chuma kile cha katikati hakitoki. Kinamezwa chote na nyota ya nyutroni inayozaliwa, au na shimo jeusi. Chuma kinachotoka ni kingine, kilichopikwa upya wakati wa mlipuko wenyewe, pale wimbi la mshtuko linapopita katika tabaka za silikoni na oksijeni zilizo juu ya kitovu na kuzipasha joto kwa mara ya mwisho. Na hata hicho hakitoki kikiwa chuma. Kinatoka kikiwa nikeli-56, yenye protoni 28 na nyutroni 28, kiini kisichotulia. Nusu ya nikeli hiyo hugeuka kobalti-56 kila baada ya siku 6 hivi, na nusu ya kobalti hiyo hugeuka chuma-56 kila baada ya siku 77. Chuma cha ulimwengu kilizaliwa kikiwa kitu kingine, kikageuka chuma angani, njiani, katika miezi michache baada ya mlipuko.

Tunalijuaje hilo? Kwa karatasi lilijulikana mapema. Fred Hoyle alikuwa ameshaandika kuhusu asili ya chuma katika nyota mwaka 1946, na mwaka 1957 yeye pamoja na Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge na William Fowler walichapisha makala ndefu iliyoeleza jinsi elementi zinavyopikwa katika nyota. Ushahidi wa macho ulisubiri miaka thelathini. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton, akiwa katika kituo cha Las Campanas nchini Chile, aliona nyota ambayo haikuwapo kwenye picha yake ya usiku uliotangulia. Ilikuwa katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu iliyo umbali wa takriban miaka 160,000 ya mwendo wa mwanga. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuliona wingu hilo bila darubini, chini upande wa kusini, jioni za Desemba na Januari, mahali pasipo na taa na siku mawingu ya mvua yakiruhusu. Wazungu wa Ulaya walioandika sehemu kubwa ya historia ya astronomia ya kisasa hawalioni kutoka kwao.

Saa chache kabla ya mwanga huo kuonekana, mitambo ya chini ya ardhi nchini Japani, Marekani na Urusi ya Kisovieti ilikuwa imenasa nyutrino zipatazo dazeni mbili. Hizo zilikuwa habari za kuporomoka kwa kitovu, zilizotoka moja kwa moja. Kisha ukafuata ushahidi wa chuma. Baada ya miezi ya kwanza, mng'ao wa nyota hiyo ulianza kufifia kwa mpangilio ule ule wa kobalti: ukipungua kwa nusu kila siku 77. Setilaiti ikapokea mionzi ya gama yenye nishati ile hasa inayotolewa na kobalti-56 inapogeuka. Hesabu zilionyesha kwamba nikeli iliyopikwa ilikuwa na uzito wa takriban asilimia 7 ya Jua, yaani zaidi ya mara 20,000 ya uzito wa Dunia nzima. Binadamu walikuwa wanaangalia chuma kikizaliwa, na walikuwa na saa ya kukipimia.

Milipuko ya aina hiyo si chanzo pekee. Sehemu kubwa zaidi ya chuma katika galaksi yetu ilitoka kwa nyota za aina nyingine, zile ndogo zilizokwisha kuzimika na kubaki vibete vyeupe, ambazo hulipuka zikiwa nzima zikipata mzigo wa ziada kutoka kwa nyota mwenza. Kila mlipuko wa namna hiyo hutoa chuma kinachokaribia nusu ya uzito wa Jua au zaidi. Vyanzo vyote viwili vilichangia vumbi ambalo, miaka bilioni 4.57 iliyopita, lilijikusanya likawa Jua na sayari zake.

Hapo ndipo moto wa pili ulipowaka. Vumbi lile lilikuwa na alumini-26, aina ya alumini isiyodumu, ambayo nusu yake huisha kwa takriban miaka 700,000. Miili midogo ya mwanzo iliyojikusanya mapema, mingine ikiwa na upana wa makumi au mamia ya kilomita, ilifungia joto la alumini hiyo ndani yake ikayeyuka. Chuma, kwa uzito wake, kikazama katikati kikiwa kimebeba nikeli. Mawe mepesi yakabaki juu. Dunia yetu ilipitia hali hiyo pia: karibu theluthi moja ya uzito wake ni chuma, na kingi cha hicho kiko katika kitovu kinachoanzia takriban kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, mahali ambapo hakuna mtu atakayefika. Ila miili ile midogo iligongana ikavunjika, na vipande vya vitovu vyake vikaachwa vikizunguka Jua. Vimondo vingi vya chuma ni vipande hivyo. Kile cha Mbozi kina mchanganyiko ambao wataalamu hawakuweza kuuingiza katika kundi lolote la kawaida la vimondo vya chuma, kwa hiyo mwili uliokizaa haujatuletea vipande vingi.

Ukikata kimondo cha aina hii, ukakisugua kikang'aa, kisha ukakimwagia asidi ya naitriki, uso wake unaonyesha mistari mipana iliyonyooka, inayokatana kwa pembe maalumu, yenye upana wa takriban milimita moja au pungufu. Alois von Widmanstätten aliiona mistari hiyo Vienna mwaka 1808, ingawa Mwingereza William Thomson, aliyekuwa akiishi Naples, alikuwa ameshaieleza miaka michache kabla. Maelezo yake ni haya. Aloi ya chuma na nikeli ikiwa na moto mkali ni fuwele ya aina moja. Ikipoa, inataka kugawanyika kuwa fuwele za aina mbili, moja yenye nikeli kidogo na nyingine yenye nikeli nyingi. Kwa hiyo atomi za nikeli inabidi zihame, na kuhama ndani ya chuma kigumu ni kazi ya polepole kupita kiasi. Mstari mmoja wenye upana wa milimita unahitaji atomi zitembee kwa muda ambao hakuna tanuri la duniani linaloweza kuutoa. Vimondo vya chuma vilipoa kwa mwendo wa nyuzi mia kadhaa, au maelfu machache, kwa kila miaka milioni. Mistari hiyo hutokea zaidi kwenye vimondo ambavyo nikeli yake ni kati ya asilimia 6 na 15 hivi, na Mbozi kiko humo. Kwa sababu hiyo hakuna tapeli anayeweza kughushi kimondo cha namna hii mbele ya mtu anayejua kutumia asidi. Atakosa muda.

Binadamu walikutana na chuma cha mbinguni kabla ya kujua kukitoa katika mawe. Shanga za Gerzeh nchini Misri, zenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, zilifuliwa kutoka kimondo. Jambia la Tutankhamun lilipimwa kwa mionzi ya eksi na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: nikeli yake ni karibu asilimia 11, pamoja na kobalti, alama za wazi za kimondo. Wainuit wa Greenland walikuwa wakibandua vipande vya kimondo cha Cape York na kuvifanya visu mpaka mapande makubwa yalipochukuliwa na Robert Peary kwenda New York katika miaka ya 1890. Lakini chuma hicho hakitoshi kulimia shamba la kijiji kimoja, na hakina kaboni ya kutosha kushika makali yanayodumu. Jembe la Afrika halikutoka mbinguni kwa njia hiyo. Lilitoka katika udongo mwekundu.

Wekundu huo ni kemia. Atomi ya chuma iko tayari kutoa elektroni mbili au tatu kwa jirani anayezitaka, na jirani mkubwa anayezitaka ni oksijeni. Tangu oksijeni ilipoanza kujaa hewani zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, chuma cha juu ya ardhi kimekuwa kimefungwa nayo. Utayari huo huo wa kushika na kuachia ndio unaotuweka hai: kila chembe ya himoglobini ina atomi 4 za chuma, na mtu mzima hubeba gramu 3 au 4 hivi mwilini mwake. Kwa mhunzi, hata hivyo, kifungo hicho ni adui. Anachokitaka ni kukinyang'anya chuma oksijeni yake, na kwa hilo anahitaji kitu kinachoipenda oksijeni zaidi, kwenye joto linalofaa. Kitu hicho ni kaboni. Makaa yakiungua kwenye tanuri lenye hewa ya kipimo hutoa monoksidi ya kaboni, nayo hupenya kwenye mawe ya chuma na kuondoka na oksijeni.

Eneo la karibu na Mbozi lilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo. Katika uwanda wa Ufipa yamebaki malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha takriban mita 3, yaliyofanya kazi bila mivukuto: urefu wake wenyewe uliivuta hewa kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Wanyiha wa Mbozi kwenyewe walikuwa wafua chuma. Lakini mahali ambapo kazi ya namna hii ilipimwa kwa vyombo vya kisasa, huku wenyewe wakiifanya, ni Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria.

Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata masimulizi ya wazee wa Kihaya. Mojawapo linahusu Mukama (mfalme) Rugomora Mahe, aliyetaka kujengewa mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na wazee waliweza kuonyesha mahali palipohusika, Katuruka. Uchimbaji ulifichua mabaki ya kuyeyushia chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kisha Schmidt na Donald Avery, mhandisi wa metali, wote wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani wajenge tanuri na kuyeyusha tena. Wazee hao walikuwa wameiacha kwa miongo kadhaa, maana majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yaliua soko lao. Haikuwa rahisi, walikosea, wakakumbushana, wakarudia. Mwaka 1978 matokeo yalichapishwa katika jarida la Science.

Nataka tukae kidogo kwenye tanuri lenyewe, kwa sababu kila sehemu yake ni jibu la swali la fizikia. Shimo lake lilisakafiwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa huchagua chembe ndogo za udongo, na udongo huo unavumilia moto mahali ambapo udongo wa kawaida ungeyeyuka. Juu ya shimo uliinuliwa mnara mfupi, wenye kimo kisichofika mita moja na nusu, kwa kutumia udongo huo pamoja na mabonge ya mavi ya chuma kutoka kazi za zamani. Shimo lilijazwa nyasi za kinamasi zilizochomwa nusu. Kuzunguka tanuri ziliwekwa jozi za mivukuto ya ngozi, kila moja ikipuliza kupitia bomba la udongo lililoingizwa ndani kabisa ya tanuri, kina cha nusu mita hivi.

Bomba kuingia ndani ndilo lililowasisimua watafiti. Hewa inayopita katika bomba lililozungukwa na makaa mekundu hupata moto kabla haijakutana na makaa, na hewa ya moto haiibi joto la tanuri. Waliripoti joto lililopita nyuzi 1,800 mbele ya midomo ya mabomba. Wataalamu wengine baadaye walipinga, wakisema hewa haikai ndani ya bomba muda wa kutosha kupata moto wa maana, na kwamba joto hilo linaweza kuelezwa kwa namna nyingine. Mjadala huo ni halali na umeandikwa vizuri na pande zote mbili. Kwa maoni yangu, umelifunika jambo kubwa zaidi, nalo ni zile nyasi.

Nyasi zilizoungua nusu huacha mtandao wa makaa membamba yenye uso mkubwa sana. Mavi ya chuma yaliyoyeyuka, yakiwa bado yamebeba chuma kilichofungwa na oksijeni, yalidondokea humo yakakutana na kaboni kila upande. Hapo chuma kilifunguliwa na, papo hapo, kikanywa kaboni. Bonge lililotoka chini ya tanuri lilikuwa na sehemu ambazo tayari ni chuma cha pua. Tanuri kubwa la kisasa hufanya kinyume: hukiyeyusha chuma chote, hukilewesha kaboni hadi asilimia 4 hivi, kisha inabidi kaboni hiyo iondolewe kwa hatua nyingine. Wahaya hawakuyeyusha chuma chenyewe, maana chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Waliyeyusha uchafu ukatiririka, wakabaki na metali.

Kwa nini kaboni kidogo namna hiyo, chini ya asilimia 1, ibadilishe metali laini kuwa panga? Jibu liko katika jinsi atomi zinavyojipanga. Chuma baridi hupanga atomi zake katika michemraba yenye atomi moja katikati, na nafasi zinazobaki kati yake ni finyu. Kaboni inayoweza kuingia humo haifiki hata asilimia 0.03. Kikipashwa kupita nyuzi 912, mpangilio unabadilika, nafasi zinapanuka, na kaboni inaweza kuingia hadi asilimia 2 na ushee. Sasa kipoze. Ukikipoza polepole, kaboni inapata muda wa kutoka na kujikusanya na chuma katika tabaka nyembamba, ngumu na laini zikipokezana. Ukikizamisha majini, muda haupo. Atomi za chuma zinataka kurudi kwenye mpangilio wa baridi, kaboni bado iko ndani, na matokeo ni fuwele iliyotanuliwa kwa nguvu, ngumu sana na pia nyepesi kuvunjika. Inaitwa martensaiti. Mhunzi anayelichovya shoka, akalitoa, akalipasha tena kidogo na kuangalia rangi inayopita kwenye ukingo wake, anaachilia sehemu ndogo ya mbano huo ili shoka lisipasuke kwenye pigo la kwanza. Kimondo kilihitaji mamilioni ya miaka kwa sababu atomi zake zilipaswa kuhama. Mhunzi anatumia sekunde moja kwa sababu anazizuia zisihame. Sheria inayoongoza yote mawili ni moja.

Katika darasa la kemia Tanzania, mwanafunzi wa sekondari huchora tanuri kubwa la kisasa na kuandika milinganyo yake. Tanuri la Wahaya hukutana nalo, akibahatika, kwenye somo la historia, chini ya Zama za Chuma, pamoja na ramani ya uhamaji. Sioni sababu ya utengano huo. Monoksidi ya kaboni iliyofanya kazi Katuruka ni hiyo hiyo ya kwenye ubao, na swali la nyasi za kinamasi ni swali gumu na zuri la kemia kuliko mengi yaliyomo katika mitihani. Mtoto wa Muleba au Sumbawanga angelisoma akijua kwamba vichuguu na vinamasi alivyopita asubuhi vilikuwa malighafi ya teknolojia.

Somo hilo lina kazi hadi kwenye jengo linalojengwa sasa. Viwanda vingi vya nondo Afrika Mashariki huyeyusha chuma chakavu katika matanuri ya umeme. Nondo ikitoka kwenye rola za mwisho ikiwa na joto linalokaribia nyuzi 1,000, hupitishwa ndani ya sanduku la maji yenye shinikizo kwa muda usiozidi sekunde chache. Ngozi yake inageuka martensaiti, moyo wake unabaki mwekundu. Ikitoka majini, joto la moyo linarudi nje na kuipasha ngozi upya, kazi ile ile ya mhunzi wa shoka, ila nondo inajifanyia yenyewe. Kata nondo hiyo, isugue, ipake asidi ya naitriki iliyochanganywa na alkoholi, na utaona pete nyeusi ikizunguka moyo wenye rangi hafifu. Pete inabeba nguvu, moyo unairuhusu nondo kupinda bila kukatika. Hiyo ndiyo sababu wahandisi hukataza mafundi kupasha nondo kwa gesi ili kuikunja kirahisi. Sehemu iliyopashwa mpaka ikawa nyekundu kisha ikaachwa ipoe yenyewe hupoteza pete yake, na nguvu ya nondo inashuka mahali pale pale palipokunjwa, kwenye kona ya nguzo au boriti, bila kitu chochote kuonekana kwa nje.